Mji wa Ghorofa Nne na Walinzi Wake

Watu hustaafu wakiwa na mvi, mimi nastaafu nikiwa na chunusi. Nina miaka kumi na minane, nimemaliza mitihani ya matriki, ile ya kumaliza sekondari, na tangu wiki iliyopita mimi si mkalimani tena wa ulinzi wa jengo letu. Kamati imeniomba niwaandikie nyinyi wawili, Rehema na Jospin, mtakaoivaa fulana yangu ya njano, ili mjue kazi ilivyo. Nimekubali kwa sababu kuandika si kusema. Mbele za watu sauti yangu inarudi ndani kama konokono. Inachekesha kwamba miaka mitatu nimefanya kazi ya kusema. Lakini maneno hayakuwa yangu, labda ndiyo maana niliweza.

Habari za vyeo naziruka. Kilikuwa kimoja tu, na mshahara wake ulikuwa chai ya Mama Rehema.

Mnalijua jengo, ila hamkulijua lilipokuwa na mwenyewe. Mwaka 2016 mwenye nyumba aliacha kuja. Mwanzoni tulifurahi, maana hakuna aliyewahi kumkumbuka mwenye nyumba kwa wema. Kisha takataka zikarundikana uani, taa za ngazi zikaibwa moja moja, na geti likang'olewa kitasa. Mwanamume mmoja wa Bukavu, fundi cherehani wa ghorofa ya pili, akaanza kufagia ua peke yake kila asubuhi. Watu wakamwita Meya kwa utani. Baada ya miezi michache walikuwa wanamwita Meya bila kucheka.

Ndiye aliyetuitia mkutano gerejini. Alisimama juu ya kreti la soda akatuambia kwamba mwenye jengo ametutupa, na manispaa haitujui, basi sisi wenyewe tuwe mji. Mji wa ghorofa nne, ngazi moja na geti lisilofunga, hapo Troyeville, katikati ya mji mwingine ambao haukutuona. Tulipanga mambo ya maji, tukapanga mambo ya takataka, na jambo la tatu lilikuwa askari.

Jambo hilo lilikuwa la kwetu zaidi kuliko la wengine. Mdogo wangu Dani, akiwa na miaka kumi na mitatu, alivamiwa kwenye ngazi zetu akitoka mazoezi ya mpira. Alipanda hadi mlangoni akiwa na soksi tu, mdomo umepasuka. Vijana wa nyaope, ile dawa ya kulevya ya kuvuta, walikuwa wamezoea kukaa kwenye kona ya ghorofa ya kwanza, penye giza. Mama yangu, anayesuka nywele Marshalltown, hakuwa mtu wa mikutano, lakini siku ile alisimama. Alisema yeye hataki mambo makubwa. Anataka mtoto wake aingie getini jioni na afike kwake mzima, basi. Akaketi. Watu wengi pale walikuwa na mtoto kama huyo, na nadhani ulinzi ulizaliwa dakika ile.

Namna ya kuupata ndiyo ilichukua muda. Papa yangu, ambaye ni mlinzi wa jengo la ofisi kule Randburg, aliulizwa habari za kampuni za ulinzi. Alieleza kwa utaratibu kwamba kampuni wana magari, wana redio, na bei yao ni ya watu wa Randburg. Tukaenda mtaa wa juu, wenye kizuizi cha chuma barabarani na kibanda cha mlinzi, kuomba tuungane nao. Mimi ndiye niliyetafsiri, kazi yangu ya kwanza kabisa. Yule mama wa kamati yao alitupa maji ya baridi, akatusikiliza vizuri, kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba kizuizi waliweka kwa sababu ya jengo letu. Niliitafsiri sentensi hiyo huku nikitazama glasi. Meya aliitikia kwa kichwa na kumshukuru kwa maji.

Mwisho tukaenda kituo cha polisi. Ofisa aliyetupokea alikuwa mchovu lakini si mbaya. Alisema magari ni machache, wahalifu ni wengi, na watu wanaojilinda wenyewe wanaruhusiwa alimradi wasimpige mtu. Tulirudi nyumbani na ruhusa ya kufanya kazi yake.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Athumani, aliyewahi kuwa mgambo kwao Tanga kabla ya kuja huku kuuza mikanda na saa. Siku ya kwanza alinikuta nimejificha nyuma ya mlango wa gereji, nimevaa fulana inayonifika magotini. Hakuniambia nisiogope. Alinipa kiti cha plastiki, cheupe, akaniambia nikibebe.

"Binti," alisema, "mtu akikamatwa, anakaa hapa kabla hajaulizwa hata jina. Kumpiga mtu aliyesimama ni rahisi. Aliyekaa, mkono unaona haya."

Kwa hiyo zana ya kwanza ya kazi hii ni kiti. Msicheke. Nimeona wanaume wawili waliokuja mbio na ngumi wakasimama mbele ya kiti kile hawajui la kufanya, wakabaki wanakuna vichwa. Zana ya pili ni filimbi. Kila mlango ulipewa moja, na sheria ikawa kwamba ukisikia filimbi unapuliza yako na kutoka nje. Watoto walizichezea mpira mwezi mzima, kila faulo jengo zima linatoka. Zana ya tatu ni tochi, na hiyo mjue kwamba betri zake zinaliwa na mtu ndani ya kamati. Sikuwahi kumjua.

Zamu inaanza saa kumi na mbili jioni, watu wanaporudi kazini, na inaisha wa mwisho akishapanda. Mkalimani hukaa karibu na geti. Kazi yake ni polisi wakija, au gari la wagonjwa, au mtu wa manispaa aliyepotea njia. Wengi wetu Kiingereza chetu ni cha kuuzia vitu, na Kizulu ni cha kuombea njia. Mimi na Dani tulikulia hapa. Tofauti ni kwamba mimi Mzee Athumani alinifundisha kukiandika Kiswahili, lakini Dani alikataa. Anakisikia chote, hata matusi ya Papa ya chini kwa chini, lakini Mama akimwuliza kwa Kiswahili anajibu kwa Kizulu. Mama alikuwa anacheka, anasema ana mtoto wa redio mbili.

Kesi ngumu ya kwanza haikuwa ya mwizi. Ghorofa ya tatu kulikuwa na mume akimpiga mkewe jioni jioni, na walinzi walisimama nje ya mlango wakabishana kama mji wetu unaishia kizingitini au unaingia hadi chumbani. Meya alisema unaishia kizingitini. Mzee Athumani alisema basi huo si mji, ni korido. Mama Rehema aliyaacha mabishano yao, akagonga na sufuria mpaka mlango ukafunguliwa. Polisi walipofika, mke aliniambia niseme hakuna kitu, ni kelele za televisheni. Hawakuwa na televisheni. Nilimtazama Mzee Athumani. Aliniambia baadaye, tukishuka, kwamba mkalimani akianza kuchagua ukweli wa watu wengine atakuwa hakimu, na hakimu wa miaka kumi na mitano si kitu kizuri. Nilikuwa nimeshatafsiri televisheni. Yule mama alihama mwaka uliofuata, na hatujui kama alihama na mume au alimhama mume.

Shida yetu kubwa ilikuwa kumjua mtu wetu na asiye wetu. Ngazi zilikuwa giza, wapangaji wanaingia na kuhama, ndugu wa ndugu wanalala sebuleni. Mtu mmoja alipendekeza vitambulisho, wazo likafia pale pale. Nusu ya watu pale walikuwa na karatasi za hifadhi ya ukimbizi zilizochakaa kwa kukunjwa, na hawakutaka kuonyesha karatasi kwa mtu yeyote tena, hata kwa jirani. Ndipo Meya alipopata wazo, na alipolitoa uso wake uling'aa.

"Tusalimiane," alisema. "Mutu wetu ukimusalimia anaitika. Mwizi ataitika nini?"

Tulipiga makofi. Lilikuwa wazo zuri, nataka mlielewe hilo, maana sasa watu wanajifanya hawakupiga makofi. Halikutaka karatasi, halikumvunjia mtu heshima. Mlinzi anasema habari za jioni, wewe unasema nzuri, au njema, au salama, kila mtu na ya kwao, unapita. Hata wasiokuwa Waswahili walijifunza. Gogo wa chini, bibi wa Kizulu mwenye duka la pipi dirishani, alikuwa anaanza yeye, "Salaama!", kabla mlinzi hajafungua mdomo. Fundi viatu Mzimbabwe aliongeza na "shikamoo", akawa anawaamkia hata watoto. Kwa mara ya kwanza tangu tuje mji huu, lugha yetu ilikuwa inafungua mlango.

Huko nje ilikuwa kinyume. Wengi wetu tulishasimamishwa barabarani na wanaume wanaouliza kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu, na jibu lako ndilo linaamua kama utafika nyumbani. Mama alifundishwa neno hilo na Dani, jikoni, akalikariri kama Baba Yetu. Lilimwokoa mara moja. Siku ile gerejini, katikati ya makofi, hakuna aliyewaza habari za kiwiko.

Miaka miwili mambo yalikwenda. Vijana wa nyaope walihamia jengo lingine, jambo tuliloliita ushindi. Dani alikua, akanipita urefu, akaanza kuvaa koti la kijivu lenye kofia na kusikiliza muziki masikioni kutwa nzima. Walinzi wa zamani walimjua hata kwa hatua zake, wakimsalimia anainua kidole gumba, wanacheka, wanasema huyo ni bubu wa Mama Dani, pita baba. Hakuwahi kuitika. Hakuna aliyeona ni tatizo, hata mimi.

Mwaka huu wa 2019 hofu ilirudi. Maduka ya wageni yalichomwa sehemu mbalimbali za mji, simu zikajaa video, nyingine za kweli na nyingine za uongo, na kila jioni mtu alikuja na habari kwamba leo wanakuja kwetu. Walinzi wakaanza kushika fimbo. Walisema ni za mbwa. Troyeville mbwa wamefungwa nyuma ya kuta za watu wenye mbwa. Mzee Athumani alizikataa fimbo kwenye mkutano, akaambiwa mzee nyakati zimebadilika, akawekwa zamu za Jumapili, ambazo hazina kazi.

Wapangaji wapya wawili waliingia wakati huo, ndugu kutoka Burundi, Salvator na Innocent, watu wa sala, wapole. Walikimbia mambo kwao ambayo hawakuyataja. Walijitolea kulinda kabla hata hawajapata magodoro. Walifundishwa kazi kwa haraka, na waliowajua walikuwa ni Meya na wenzao wa chumbani tu. Waliambiwa sheria moja, ile ya salamu.

Ilikuwa mwezi wa baridi, jua linazama mapema. Nilikuwa getini. Kiti hakikuwepo, kilikuwa kimepandishwa ghorofa ya nne kwenye maombi, na hakuna aliyekikumbuka. Dani alipita mbele yangu, akanigusa kofia, akaanza kupanda. Nikamsikia mlinzi mpya juu akisema habari za jioni, kwa adabu. Kimya. Akasema tena. Kisha filimbi.

Mkisikia filimbi, mnapuliza zenu na kutoka. Jengo zima lilipuliza. Milango ikafunguka juu hadi chini, miguu ikajaa ngazini, na mimi nikakimbia na tochi yangu ambayo haikuwaka. Katikati ya kelele zile niliisikia sauti ikisema jambo lile lile, tena na tena, kwa Kizulu: "Ngihlala la. Ngihlala la." Ninaishi hapa. Ilikuwa kweli, na ilisemwa kwa lugha ya hapa, na kwenye ngazi zile zilizojaa watu, aliyeisikia akaielewa nilikuwa mimi peke yangu, nami nilikuwa ghorofa nzima chini nasukumana na migongo. Nilipaza sauti. Nimeshawaambia sauti yangu ilivyo.

Mama alikuwa ametoka na filimbi yake. Alikuwa anaipuliza kwa nguvu zote, kama sheria inavyosema, mpaka mtu mmoja alipowasha simu akammulika aliyelala chini, na Mama akaiona kofia ya kijivu. Filimbi ilibaki mdomoni mwake. Haikutoa mlio tena, lakini hakuitoa.

Jicho la kushoto halikuokolewa. Daktari aliwaeleza wazazi wangu, na mimi nikatafsiri. Nilichagua maneno mafupi.

Kikao kilifanyika kwetu, si gerejini. Meya alipiga magoti sebuleni, mtu mzima, akalia bila kujificha. Salvator na mdogo wake walisimama ukutani kama watu wanaosubiri basi. Wakifunguliwa kesi, karatasi zao zinakufa, wanarudishwa walikotoka, na kwa walivyosema, huko hakuna wa kuwapokea ila waliowafukuza. Ulinzi pia unakufa, akasema mtu mwingine, na video bado zinakuja. Mzee Athumani peke yake ndiye aliyesema twende polisi, sote tuliobuni sheria ile, na yeye akae wa kwanza kwenye benchi.

"Tumewafanyia wanetu kiwiko," alisema.

Papa alikuwa akiizungusha kofia yake ya kazi mapajani. Yeye analinda kwa kazi, anajua mlinzi aliyempiga mtu asiye na hatia anastahili nini. Mwisho alisema mambo ya nyumba yamalizwe ndani ya nyumba. Mama alikuwa anakunja nguo za Dani za hospitali, anazikunjua, anazikunja tena.

Ofisa aliyekuja wodini alikuwa mwanamke, mwenye umri wa Mama hivi, na alizungumza nami Kizulu kwa upole uliofanya mambo yawe magumu zaidi. Aliniomba niwaulize wazazi kilichotokea. Niliuliza. Papa alitazama sakafu, akasema: "Mwambie aliteleza kwenye ngazi. Kulikuwa na giza."

Nilitafsiri. Ofisa akasema hanisikii, nirudie kwa sauti. Nikarudia kwa sauti.

Hakuamini. Aliitazama bandeji, akaitazama mikono ya Dani, iliyokuwa na michubuko pale alipojikinga, kisha akaniacha mimi na wazazi wangu na kuinama karibu na kitanda. Alimwuliza mwenyewe, kwa Kizulu, kwa kumwita kaka kama wanavyowaita vijana wao, kama kweli alianguka. Nilijua Dani atamjibu. Ile ilikuwa lugha yake, na kwa mara ya kwanza mtu mwenye sheria mkononi alikuwa anamwuliza ndani ya lugha hiyo. Nilitaka amjibu. Sijui kama nimewahi kutaka kitu namna ile.

Dani alimtazama Mama kwa jicho lililobaki. Kisha akasema, kwa Kiswahili safi, cha polepole, ambacho sijakisikia kutoka kwake tangu tukiwa wadogo: "Nilianguka."

Ofisa alinigeukia, akasubiri.

Nilitafsiri. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya mwisho yenye maana. Baada yake nilivaa fulana miezi michache, nikaelekeza gari moja la wagonjwa, nikamwambia mtu wa manispaa kwamba hapa si alikokuwa anakwenda.

Sasa jengo ni salama, wanasema, na sibishi. Ndugu wale wawili bado wako zamu, wanalinda vizuri, kila wiki wanamletea Mama unga na yeye anaupokea. Sheria ya salamu ipo vile vile. Ilijadiliwa, na hakuna aliyeleta nyingine. Mzee Athumani alijitoa, anauza mikanda yake, tukikutana ananiuliza habari za masomo tu. Kama kuna njia ya watu kama sisi kujitafutia sheria bila kuumizana, mimi miaka mitatu sikuiona, na nilikuwa nimesimama mahali pazuri pa kuonea.

Dani anakaa kwa shangazi, Randburg. Huja Jumapili kula. Anakula, anacheka kidogo na Papa, anamjibu Mama kwa Kiswahili kila anachoulizwa, na Mama kila akijibiwa hivyo anaamka kwenda jikoni. Ikifika saa kumi Mama anaanza kumtafutia koti. Anamsindikiza hadi chini, wameshikana mikono, ili awe ameshatoka getini kabla zamu yetu haijaanza.

Siku moja atachelewa. Nyinyi mtakaokuwa ngazini, yeye ni mrefu, koti ni lile lile la kijivu, na upande wa kushoto haoni. Msimsalimie kwanza. Mpisheni.